Kabla Hujapokea Advansi ya Harusi ya Kwanza

Swali tunaloulizwa zaidi hapa dukani ni hili: "Ninunue kamera gani nianze kupiga harusi?" Anayeuliza huwa ameshapiga picha za marafiki zake, ubatizo mmoja, mahafali ya chuo, na sasa kuna mtu wa kanisani au wa mtaani kwao amemwambia, "Na ya kwetu utupigie wewe." Ana Canon 700D au inayolingana nayo, na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi. Anaamini kinachomchelewesha ni kamera.

Sisi tunauza na kukodisha vifaa, hivyo tungeweza kumuuzia nyingine papo hapo. Lakini hiyo aliyonayo inamtosha kabisa kwa picha za watu, na picha za watu ndiko anakotakiwa kukaa kwanza. Picha ya mtu mmoja ikiharibika, unamwomba ageuke kidogo, unarudia. Harusi haina marudio: bwana harusi akishafunua shela, ameshafunua. Kwa hiyo kila linaloweza kujifunzwa kwa kurudia lijifunzwe mapema, na yale yasiyorudiwa yawekewe kinga. Huduma yetu kwa wanaoanza tumeipanga kwa kufuata hilo.

Anza na jua letu. Dar es Salaam, saa sita mchana, jua linasimama karibu na utosi, hasa kuanzia Oktoba mpaka Machi. Mtu ukimpiga hapo, nyusi zinamwaga kivuli na macho yanageuka mashimo. Hakuna kamera inayotibu hilo. Msogeze barazani, asimame hatua moja tu ndani ya kivuli, uso umeelekea nje kwenye uwazi. Sasa mgeuze polepole, kulia kisha kushoto, uangalie mwanga unavyohama kutoka shavu moja kwenda lingine, na ile nukta nyeupe inavyotokea ndani ya jicho. Fanya hivyo na dada yako, na jirani, na mtu mzima mwenye mikunjo, na mtoto asiyetulia. Halafu angalia kilichomzunguka: nyasi zinarusha ukijani chini ya kidevu, turubai la bluu linampaka bluu, ukuta wa njano nao hivyo hivyo. Ukishaanza kuyaona haya kwa macho kabla hujainua kamera, umeshapiga hatua kubwa.

Ule mwanga laini wa jioni unaopendwa na maharusi kwetu ni mfupi. Jua linazama saa kumi na mbili na dakika zake mwaka mzima, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, giza linafuata haraka. Ibada ikiisha saa kumi na foleni ikakupokea barabarani, mpango wa kwenda kupiga ufukweni upande wa pili wa mji unakufa. Tafuta sehemu nzuri karibu na kanisa au msikiti, uikague siku moja kabla kwa saa ile ile.

Jambo ambalo tunaliona kwenye kazi nyingi za wanaoanza ni nyuso za maharusi kuwa nyeusi mno au kupauka. Chanzo ni namna kamera inavyopima mwanga. Haijui inatazama gauni au ukuta. Inachukua mwanga unaorudi na kulenga kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa bibi harusi unazama. Suti nyeusi ikijaa, inaongeza mwanga na kupausha uso. Kwa hiyo pima uso, na uso ndio uamue. Ongeza mwanga kidogo gauni linapotawala picha, punguza suti inapotawala. Piga kwa RAW pia, yaani faili ghafi la kamera, kwa sababu kamera nyingi huhifadhi RAW ya biti 14, yaani ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, wakati JPEG, faili la picha la kawaida, ina 256. Ngazi hizo ndizo zinazobaki kukuokoa ukikosea kidogo.

Na hapa tuseme wazi. Wateja wengi huomba "mng'arishe kidogo" kwenye kuediti, na wapiga picha wengi hukubali mpaka bibi harusi anakuwa wa rangi ambayo mama yake haijui. Tunawasihi mnaoanza msiingie huko. Ngozi nyeusi iliyopata mwanga wa ubavuni, laini, inang'aa yenyewe: inaonyesha mfupa wa shavu, mafuta ya kwenye paji, kila kitu. Mtu akijiona hivyo kwenye picha iliyopigwa vizuri, mara nyingi haombi tena kung'arishwa.

Sasa ukumbini. Taa za zambarau, moshi wa mashine, kitambaa kimefunika dari nzima. Lenzi ya 18-55, ile iliyokuja kwenye boksi, ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake la kupitisha mwanga halifunguki kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa zaidi). Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, mojawapo ya zile za bei nafuu kuliko zote, inaingiza mwanga karibu mara kumi. Tofauti hiyo huipati kwa kubadilisha kamera. Ujue tu kwamba kwenye Canon yenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), hiyo 50 inaona kama lenzi ya 80, yaani inavuta picha karibu zaidi, hivyo picha ya ukoo mzima utakosa pa kurudi nyuma. Makundi yapige kwa ile 18-55 na flashi. Kuingia kwa maharusi, keki na kucheza, tumia 50.

Flashi nayo ina mambo yake. Wengi wamefundishwa kuielekeza darini ili mwanga urudi ukiwa laini. Dari ikiwa nyeupe na fupi, sawa. Ikiwa imevishwa kitambaa cha rangi ya waridi, watu wote wanatoka waridi, na ikiwa ndefu, hakuna kinachorudi. Pita ukumbini wapambaji wanapomaliza, piga picha mbili tatu, ujue utafanya nini. Ukiona mistari ya giza ikikata picha, zile ni taa za LED: umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Weka shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, kwenye 1/100 ya sekunde, na uzime ile shata ya kimyakimya, inayopiga bila sauti.

Mtafute emsii kabla hajashika maiki. Muulize keki inakatwa upande gani, maharusi wataelekea wapi, shampeni inafunguliwa wakati gani. Mwambie asubiri ishara yako kabla ya kuhesabu. Emsii mzuri atakupa hizo sekunde tano. Mtu wa video mwombe taa yake isimame upande mmoja na wewe.

Kanisani muulize padri au mchungaji unaruhusiwa kusimama wapi na kama flashi inakubalika. Kwenye harusi za Kiislamu, shughuli za wanawake kama singo na kupamba bibi harusi hazipigwi na mwanamume. Tunao wapiga picha wanawake tunaoshirikiana nao, sema mapema tukuunganishe. Picha za humo ndani usizitume popote bila ruhusa ya wenyewe, hata kama ndizo nzuri kuliko zote ulizowahi kupiga. Zaidi ya heshima, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo weka kipengele cha ruhusa ya kutangaza picha kwenye makubaliano yako ya maandishi, na maharusi wakisaini waijue.

Kinga tunayoisisitiza kuliko zote ni ya kadi. Mwenye Canon 6D iliyotumika ana kamera nzuri kwa ukumbi wenye giza, lakini ina nafasi moja tu ya memori kadi. Nikon D750 iliyotoka 2014 ina mbili, na kila picha inaweza kuandikwa kote kuwili. Kama unafikiria kubadilisha kamera kwa ajili ya harusi, sababu ya maana ni hiyo. Kama yako ina nafasi moja, badilisha kadi kila hatua ya shughuli inapokwisha: nyumbani, kanisani, ukumbini. Kadi feki zimejaa madukani, zimeandikwa GB 128 na ndani hazifiki. Zipime kwanza kwa H2testw, programu ya bure, au zilete tukupimie. Usifute chochote mpaka picha ziwe sehemu mbili tofauti. Na ikitokea umefuta kwa bahati mbaya, acha kupiga mara moja na itoe kadi hiyo. Picha huwa bado zimo mpaka zifunikwe na nyingine, na programu kama PhotoRec mara nyingi huzirudisha.

Kwa anayekwenda kwenye harusi yake ya kwanza tunamkodisha kwa pamoja: kamera ya pili, lenzi ya 50, flashi, kadi mbili zilizopimwa na betri zilizojaa. Tunamtaka aje jioni moja kabla ya shughuli, tuzime taa za studio, tuwashe zile za rangi, apige mpaka mkono uzoee vitufe bila kuangalia. Hilo hatulitozi. Kama hujawahi kusimama nyuma ya mpiga picha mwenye uzoefu kwenye harusi nzima, tutakushauri uanze hapo, na tutakutafutia wa kumfuata. Oda ambayo hujaiva nayo, ni bora umpe mwenzako uende kama msaidizi wake.

Njoo na kitambulisho cha NIDA na mdhamini mmoja mwenye kazi inayojulikana. Jumamosi tunafungua alfajiri kwa ajili ya wanaowahi nyumbani kwa bibi harusi, na vifaa vinarudi Jumapili kabla ya saa kumi jioni. Shughuli ikichelewa, tupigie tu. Tunajua kamati za harusi zilivyo.