Barua kwa Mwende, kabla hujapanda ndege

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Mama,

Karatasi zako za safari ya Mexico, ya kupima mapango yaliyojaa maji, nilichapishiwa na kijana wa saiba hapa chini, na zote nimetia sahihi isipokuwa moja. Ile ya mtu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Umeniandika mimi, namba yangu kwa tarakimu kubwa zilizonyooka, vile ulivyokuwa ukiandika hesabu zako za shule. Iko mezani tangu Ijumaa. Mama yako amepita mara mbili akaniuliza kama naisoma au nailinda.

Ningekutumia ujumbe wa sauti, lakini najua utanijibu kwa kidole gumba, na kidole gumba hakibishaniki. Kwa hiyo barua hii inakuja Diani na basi la usiku, pamoja na karatasi zako na sweta. Usiisome ukiwa umesimama.

Ya kisima sitayarudia. Unayajua, na mama yako huyataja kila Krismasi watu wakiuliza huyu mtoto alifundishwa na nani kupenda mashimo. Kamba niliishika mimi. Basi.

Swali langu ni moja. Nimekuuliza kwenye simu mara mbili na mara zote mbili umecheka. Mkishageuka kurudi, nani anakwambia uweke kalamu chini?

Pasaka ulinichorea kazi yenyewe nyuma ya bahasha ya bili ya stima, na bahasha ninayo bado. Mnaingia mkitandaza kamba, mnaifunga kwenye mwamba hapa na pale. Kamba ina kifundo kila baada ya mita tatu. Halafu mkirudi ndipo mnapima: unahesabu vifundo kutoka mahali ilipofungwa hadi pengine, unasoma dira, unasoma kina, unaandika kwenye kibao. Nilifurahi siku ile, sikufichi. Umbali, mwelekeo, kimo: ndiyo kazi niliyoifanya miaka 31 nikishika mnyororo, baadaye tepu, nikiwabebea masoroveya fito zao. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na jua, na nikikosea nilirudi kesho yake. Hata lile swali langu la mitungi ulilijibu vizuri, kwamba yenu ni ya alumini. Sisi tulikuwa tukisoma dira karibu na Land Rover, sindano inalewa, na mwenye shamba anapoteza nusu ekari bila kujua. Chuma na dira havikai nyumba moja.

Lakini ulipoondoka nililala nikaanza kupiga hesabu, na hesabu ile ndiyo haijaniacha.

Uliniambia ya theluthi. Mtungi una bari 200 za mgandamizo wa hewa, unaihesabu kama 180 ili igawanyike vizuri: 60 za kwenda, 60 za kurudi, zinazobaki ni za siku mbaya au za mwenzako akiishiwa. Sawa. Ila hiyo ni hesabu ya mtu anayeogelea. Wewe huogelei tu, unasimama. Kila kamba ilipofungwa unasimama, unasoma, unaandika. Tuseme kila kituo dakika moja, na najua si moja. Vituo 40 ni dakika 40 ambazo hazikusogezi mlangoni, na unazilipia kwa hewa ya kukurudisha nyumbani. Nikakupigia, ukaniambia, "Baba, tunageuka mapema kuliko theluthi, tunajua." Nani anajua? Wewe unajua, au kiongozi wenu anajua, au imeandikwa mahali? Mapema ni lini? Kwenye robo? Kwenye sudusi? Nitajie tarakimu, Mama. Maneno kama "mapema" hata mimi nilimwambia mama yako kwamba nitarudi mapema, naye atakueleza nilikuwa wapi siku uliyozaliwa. Nilikuwa Kibwezi. Zilikuwa zimebaki bikoni mbili za mpaka kupandwa.

Sisemi ili unihurumie. Nasema kwa sababu mkono huo umeutoa kwangu. Wewe si mtu wa kuacha mstari wa jedwali bila namba. Ulipokuwa darasa la tano ulikataa kula mpaka hesabu ya mwisho ikubali, na sisi tukakusifu mbele ya wageni.

Nimesoma. Usidhani sisomi. Wale wavulana 12 na kocha wao kule Thailand mwaka wa 2018, kila mtu anakumbuka kwamba walitoka wazima. Mimi nimemkumbuka yule askari wa zamani wa jeshi la majini, Saman Kunan, aliyekufa tarehe 6 Julai. Alikuwa amekwisha kupeleka mitungi ya hewa. Kazi aliyotumwa ilikuwa imeisha. Alifia njiani akirudi.

Nimesoma pia kuhusu huko unakokwenda. Kwamba Januari 2018 walitangaza wameunganisha mapango ya Sac Actun na Dos Ojos, jumla kilomita 347 za njia zilizojaa maji chini ya msitu. Nimejaribu kuipata kichwani: ni kutoka hapa hadi Voi na kupita kidogo, gizani, chini ya maji. Na bado mnasema haijaisha. Na kwamba maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi, na yanapokutana macho yanaona kama kupitia mafuta ya kupikia. Na kwamba teke moja baya la pezi linaamsha tope, mkono wako mwenyewe huuoni, inabaki kamba kwenye vidole. Hilo la kamba kidogo linanituliza. Kushika kamba najua unajua.

Na yule msichana, waliyemwita Naia. Mifupa yake wapiga mbizi waliiona mwaka wa 2007 kwenye shimo la Hoyo Negro, kina cha zaidi ya mita 40. Miaka 15 au 16, na alikuwa amelala humo zaidi ya miaka elfu kumi na mbili. Pango lilikuwa kavu wakati huo, bahari ikiwa chini. Aliingia kwa miguu, akatumbukia. Wewe uliniletea habari hiyo kama mtu aliyeletewa zawadi, macho yanang'aa, "Baba, fikiria, wa kwanza kumwona!" Mimi nilifikiria baba yake alikaa mlangoni siku ngapi.

Kibwezi niliyoitaja, tuliambiwa na wenyeji kwamba mvua ya vilima vya Chyulu inazama kwenye mawe ya volkeno, inasafiri chini kwa chini mpaka inatokea chemchemi za Mzima, na Mombasa wanakunywa. Nilitembea juu ya maji hayo miezi minne na fito begani. Sikuwahi kuwaza kwamba yupo binadamu atakayetaka kupita humo, sembuse awe wangu.

Majirani nawaambia wewe ni soroveya. Si uongo. Mzee wa nyumba ya pili ananiuliza kama umepata kazi ya serikali, namwambia ni kazi ya nje ya nchi. Ya maji sijamwambia. Ile ofisi ya Upper Hill uliyoiacha baada ya mwaka mmoja bado inaniuma, nisiseme hainiumi, maana ada nilivyoipata unajua na ploti ya Joska unajua. Lakini ile ramani uliyonitumia, yenye mistari kama mizizi ya mwembe na jina lako dogo kwenye kona, nimeipeleka kwa fundi ikatiwa fremu. Iko sebuleni, juu ya televisheni. Mama yako aliiondoa kalenda ya kanisa kuipisha, kwa hiyo ujue.

Huku maji hakuna. Leo siku ya tano mfereji unakohoa hewa tu. Wewe unaogelea kwenye maji ambayo hayajaguswa na mtu, sisi tunanunua mtungi kwa mtungi kwa mwenye mkokoteni. Tangi limepasuka karibu na koki, fundi amesema atakuja kesho, na kesho ya fundi unaijua. Goti la mama yako ni vilevile. Amekataa fimbo. Amekubali mwavuli, mradi anauegemea kama fimbo na hakuna anayeuita fimbo. Mutuku ameanza tena habari za pikipiki. Akikuomba hela ukiwa huko, mwambie uliniachia mimi niamue.

Jambo jingine. Wiki jana nilikwenda Mwala na soroveya. Shamba lilikuwa limegawanywa mara mbili, kama unavyojua, na nilivyoligawanya wakati ule ndivyo nilivyoligawanya. Sasa lina bikoni zaidi. Upande wa mwembe, kutoka njia hadi korongoni. Ndugu zako hawajanisalimia tangu Jumatano. Hati itachukua muda wake, nakala ya kitambulisho chako inatakiwa, iache kwa mama ukipita hapa kwenda uwanja wa ndege. Habari nyingine zake tutazungumza ukirudi.

Sasa narudia, na usicheke. Kabla hamjaingia, mwambie mwenzako tarakimu. Ikifika hiyo, kibao kinafungwa hata kama kituo kimebaki kimoja. Hata kama ndicho kinachofunga ramani. Hata kama hamtarudi humo mpaka mwaka ujao. Mwache mwingine akipime. Au kisipimwe. Mimi zile bikoni mbili nilizipanda zikakaa wima sana, na sijui hata mwenye shamba alikuwa nani.

Ile karatasi iliyobaki nimeisaini sasa hivi, iko juu kabisa, nimeongeza namba moja tu. Ni ya mama yako, uliisahau, nami nimeiweka kwa sababu simu yangu betri yake ni ya kizee. Fundi wa simu ameniambia betri mpya ni elfu moja na mia mbili. Nitaweka Jumatatu kabla ya hata fundi wa tangi. Kwa sasa nalala ikiwa kwenye chaji, na stima ikipotea mama yako ananiamsha.

Sweta usilitoe mzigoni. Najua Mexico kuna joto. Umeniambia mwenyewe kwamba mkitoka majini baada ya kukaa humo kwa muda wa saa tatu mnatetemeka.

Baba yako