Msiwadanganye Wanaowauliza: Barua kwa Vijana wa Maskani, Malindi

Wajukuu zangu, Assalaam alaykum.

Nimengoja arobaini ya mwenzenu ipite, maana ningeandika siku ile tuliyomzika ningewatukana.

Alikuwa na wiki tatu tu tangu atoke jela. Kule unga, heroini hiyo, hakuupata, mwili ukausahau. Alipotoka akajidunga kipimo kile kile cha zamani. Mlimwona kwenye mkeka, anakoroma, mkasema kalala. Kukoroma kule ni pumzi inayokatika, wanangu. Midomo na kucha zilipoanza kugeuka buluu ndipo mkamtia kwenye tuktuk, na daktari alipouliza katumia nini, mkasema ana kifafa. Kifafa! Ipo dawa iitwayo naloksoni, huizima heroini na kurudisha pumzi kwa dakika chache. Dakika zile zikaliwa na kifafa kisichokuwepo. Mliogopa polisi, najua. Bado moyo wangu haujatulia.

Na uongo ule hamkuuanzia hospitalini. Mwezi mmoja kabla, mimi ndiye niliyewaleta wale watafiti vijana maskani kwenu. Waliwaeleza vizuri: jina haliandikwi, ni namba tu, na swali usilolitaka unaliacha. Mkapokea nauli, mkakaa mkicheka. Mmoja wenu, ambaye mkono wake nimeuona ulivyojaa makovu ya sindano, akasema hajajidunga maishani mwake. Mwingine akasema hatumii bomba la sindano la mtu, nami nimewaona kwa macho yangu mkipokezana bomba moja watu wanne. Binti wa watu akaandika kama mlivyosema. Angefanyaje?

Mnajua mnachokichezea? Omari Project, shirika la kuwasaidia mateja, lilipoanzishwa hapa Malindi mwaka 1995, wengi wetu tulikuwa tukidai unga ni balaa la Wazungu wa mahotelini. Waliotuumbua ni mateja wenyewe, waliokaa na watafiti wakasema wanavuta nini, wanajidunga nini, na nani. Ni kwa vinywa vya watu kama hao kote nchini ndipo Kenya ilipojua, kwenye mwaka 2012, kwamba katika kila watu 100 wanaojidunga, kama 18 wana virusi vya UKIMWI, ilhali kwa watu wazima wote hawakufika 6. Hapo ndipo zikaja sindano safi za bure, na mwaka 2015 kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, hapa hapa kwetu. Kikombe kile mnachokunywa mbele ya muuguzi, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, isiwashike, kimeletwa na walioona haya wakasema kweli hivyo hivyo. Mkiandikisha kwamba Malindi hakuna anayejidunga, nani atatuletea sindano mwakani?

Mengine mmeambiwa sana, nayataja tu. Msishirikiane bomba, wala kijiko, wala pamba, wala maji ya kuchanganyia. Homa ya ini ya C hupita humo. Kikohozi kikizidi wiki mbili, kapimeni kifua kikuu. Methadoni msiiruke, wala msiichanganye na pombe au bugizi, vile vidonge vya kulevya. Asijidunge mtu akiwa peke yake.

Na sisi watu wazima tuna letu. Nyumba inayouza kete za unga tunaijua. Mwenyewe tunamwamkia, mchango wake wa harusi tunaupokea kwa mikono miwili, kisha tunamlaani teja aliyeiba sufuria. Mama wa marehemu, kabla mwanawe hajafungwa, alitwambia miezi chungu nzima kwamba kijana yuko Mombasa kazini, kumbe yumo chumba cha uani, kufuli kwa nje. Alikuwa akiikimbia midomo yetu, nami nilikuwa mmoja wa waliosema. Kuficha mmejifunza kwetu, hilo nalikubali.

Watafiti wanarudi Jumatatu baada ya alasiri, na binti ni yule yule. Mara ile nilikosea kukaa karibu, pengine mlinionea haya. Safari hii nitakuwa kule kwenye mwarobaini, mbali, nisisikie neno. Kahawa na mahamri nitaleta mimi. Na wewe uliyesema hujajidunga maishani mwako, mjukuu wangu, nakuomba ukae wa kwanza.

Babu yenu,
Barani, Malindi