Tumpeleke mama Salalah kabla ukungu haujaondoka

Maskati, Agosti

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo? Watoto hawajambo? Baba Khalfani jicho lake limeshapoa? Sie huku wazima, tunamshukuru Mungu, ila joto la mwaka huu limetukaba. Saa nne ya usiku ukifungua mlango hewa inakupiga usoni, na bomba la maji baridi linatoa maji ya moto. Tangu Idi sijakupata. Nimemuuliza Salma, naye akasema hana habari zako. Kama kuna jambo niambie, usinifiche. Na kama ni shughuli za duka tu, ziache kidogo unisome, maana nina haja na wewe.

Haja yenyewe ni mama.

Juzi alasiri tulikuwa sebuleni, televisheni inaonyesha Salalah. Uwanda wa Ittin umejaa ukungu, watu wamekaa majanini na makoti yao, manyunyu yanawaangukia nao hawanyanyuki. Mama akaweka kikombe cha kahawa chini. Akasema, "Rukia, mvua hiyo nataka nitote mimi." Basi, hakuongeza neno. Na wewe unamjua, tangu avunjike nyonga hajaomba kitu. Ukimwekea chakula anakula, usipomwekea hasemi. Kwa hiyo kulisikia neno "nataka" kinywani mwake, wallahi nilikwenda jikoni nikalia.

Unguja hawezi tena. Daktari amekataza safari ya kukaa kitini saa tano, sita mfululizo, na mwenyewe anajua, hataji tena kwenda. Lakini Salalah iko humu humu nchini, na kuna minazi, migomba na mipapai inatota mvua mwezi wa tisa. Nilimweleza kuwa ukungu ule unaletwa na kusi, kusi hii hii inayovuma kwenu tangu Mei. Inapanda pwani ya Somalia mpaka Dhofar, jimbo lenye Salalah, inasukuma maji ya juu ya bahari, yanapanda ya chini yaliyo baridi, na hewa yenye unyevu ikipita juu yake inageuka ukungu. Milima inauzuia usipite. Ukivuka tu upande wa pili, jangwa, hakuna hata tone. Ndiyo maana sie tunaungua kwa digrii zaidi ya 40 na wao wako kwenye 25 wanatafuta masweta. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi hiyo ni mvua ya kwetu, imepita njia." Tangu siku hiyo habari ni hiyo moja tu humu ndani.

Tarehe nimeshaipima. Khareef, ndio msimu wenyewe wa ukungu na manyunyu, wanaihesabu tangu 21 Juni mpaka 21 Septemba. Julai na Agosti usiniambie, Ghuba nzima inahamia kule. Mwaka 2024 walifika watu zaidi ya milioni moja, na mji wenyewe si mkubwa. Kupanda Ittin jioni ni foleni ya magari mpaka juu, na mtu wa fimbo huwezi kumshusha popote. Shule zikifunguliwa watu wanarudi makwao na nyumba za kupanga zinashuka bei. Ndiyo maana nataka wiki ya pili ya Septemba. Saidi anasema tungoje Oktoba, msimu wanaouita sarb, ukungu umeondoka, mbingu ya buluu, majani bado mabichi, bahari imetulia, mtu anapiga picha nzuri. Kweli kunapendeza wakati huo, sikatai. Lakini mama hakuomba picha. Ameomba mvua, na mvua tukichelewa haitungoji.

Sasa sikiliza linaponikwama. Mama hataki ndege.

Anataka kwenda kwa gari. Karibu kilomita 1,000, Mwanaisha! Nizwa, Adam, halafu jangwa tupu mpaka Thumrait, saa kumi na moja au kumi na mbili barabarani bila kuhesabu mapumziko. Ndege ni chini ya saa mbili. Nimemwambia mara ngapi? Ananitazama tu. Barabara wameipanua sehemu, si ile ya zamani, hilo Saidi analirudia kila siku, lakini nyonga ya mama haijui kuwa barabara imepanuliwa. Na ngamia je? Na wale wanaoendesha usiku kucha wawahi mapumziko ya wikiendi, macho mekundu? Saidi sasa amezua na njia nyingine, ati tupite Duqm, halafu Shuwaymiyah na Hasik, bahari ubavuni, ni nzuri kuliko zote. Ni nzuri, na ni ndefu zaidi! Nimemwambia safari hiyo ataifanya na mkewe wakitaka.

Ninachokijua, na yeye hajanitamkia, ni kuwa njia ile ni ya marehemu baba. Tulipokuwa wadogo alikuwa akitupeleka likizo, mama mbele na chupa ya chai mapajani, sie nyuma tumelaliana. Ghaba, Haima, Ghaftain, Qitbit: mama anavitaja vituo hivyo kama anavyowataja wanawe, kwa mpangilio na bila kukosa. Haima ndiko walikosali adhuhuri na baba akanunua mkate wa moto. Na mwisho wake ndio uliokuwa utamu wenyewe. Unatoka Thumrait madirisha yamefungwa kwa joto, ardhi imekauka, nyeupe, huoni hata kichaka. Unafika ukingo wa mlima, unaanza kuteremka, na mbele yako kumesimama ukuta wa ukungu. Baba alizima kiyoyozi akafungua madirisha yote. Unaingia, na hapo hapo kioo kinajaa matone, magari yanawasha taa za kumwekamweka, yanatambaa, na kando ya barabara majani ya kijani yanaanza ghafla. Ng'ombe wamesimama barabarani wametota, hawana habari na mtu. Mama alikuwa akitoa mkono nje na kutupaka maji usoni. Wewe ungekuwa mama, ungekubali kuruka juu ya vyote hivyo umefungwa mkanda?

Lakini mimi ndiye ninayemgeuza kitandani usiku, najua saa mbili tu za kukaa zinamfanya nini.

Nimefikiri sana, na jana nikiwa namkamulia nguo nikapata njia. Twende kwa ndege, mimi na wewe na mama. Saidi atangulie na gari siku moja kabla, achukue kiti cha magurudumu, godoro lake na mizigo. Tupange nyumba ya chini isiyo na ngazi. Halafu siku moja asubuhi tumpandishe mama kwa gari kutoka Salalah mpaka Thumrait, kilomita 80 hivi, tunasimama anapotaka. Katikati ya njia hiyo iko Wadi Dawkah, bonde la miubani, imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Miti yenyewe mifupi, imepindapinda, ukiichanja gome inatoa utomvu mweupe kama maziwa, ukikauka ndio ubani. Yeye anayefukiza kila Alhamisi magharibi, mti wake hajawahi kuugusa, maana baba hakuwa na subira ya kusimama pale. Tunywe chai Thumrait juani, kisha tugeuze gari, madirisha wazi, tuteremke naye ukunguni. Atakuwa ameipata njia ya baba pale ilipo tamu, na nyonga yake imesalimika.

Unaonaje? Mimi naona ndiyo njia. Lakini nikimwambia mimi atasema namtengenezea maneno, kwa kuwa nimeshabishana naye sana. Wewe akikusikia ananyamaza. Mpigie, shoga yangu. Usianze na habari ya nyonga, hapendi. Anza na miubani. Halafu mwambie wewe mwenyewe unaogopa barabara ndefu na unataka mtu wa kukushika mkono kwenye ndege. Hilo si uongo, nakumbuka safari ya Pemba ulivyokuwa.

Ukija, mengine yote ni mepesi. Nataka tumpeleke kaburini kwa Nabii Ayub, liko juu ya Jabal Ittin, chumba kidogo cheupe chenye kuba, na bustani nje. Gari linafika karibu. Ameniambia ana dua zake pale na hataki niziulize. Wadi Darbat tutakwenda asubuhi na mapema. Maporomoko hayatoki kila mwaka, yanataka mvua kubwa, lakini hata bila maporomoko bonde lenyewe linatosha, na ngamia wanashuka kunywa. Soko la Haffa tutakwenda mimi na wewe jioni mama akilala, kutafuta ubani wa hojari, ule mweupe unaoelekea ukijani, na wanawake wa pale wanakufukizia kwanza unuse ndipo uzungumze bei. Na madafu! Vibanda vimepangana kando ya mashamba, ndizi zimening'inia mikungu mizima, dafu wanakuchongea ukiwa garini.

Pwani ya Mughsail ndiko ninakosita. Mama anataka kuona maji yanavyotoka kwenye mashimo ya mwamba, na kwa kweli wakati wa kusi ndipo yanaporuka juu sana, unasikia mwamba unanguruma chini ya miguu kabla maji hayajatoka. Lakini bahari ile haina mchezo. Mwaka 2022 wimbi liliwachukua watu waliovuka kizuizi, na watoto walikuwamo. Tutamwonyesha kwa mbali, na kijana wako ukija naye nitamshika mwenyewe. Kuoga baharini kusitajwe kabisa msimu huo.

Kuhusu wewe, nina wasiwasi wa pumu. Ukungu ule ni unyevu usiku na mchana, nguo hazikauki, shuka unalala nalo lina unyevunyevu. Wapo wanaopumua vizuri kule kuliko kwenye kiyoyozi na vumbi la Maskati, na wapo wanaobanwa. Muulize daktari wako kabla hujakata tikiti, usije ukanyamaza kwa kunionea haya. Njoo na dawa yako ya kuvuta, ya akiba pia. Sweta moja zito. Viatu vya kufunga, kandambili utateleza, udongo wa kule ukitota ni utelezi mtupu. Viza niachie mimi, nitumie tu picha ya pasipoti inayosomeka, ile ya mwanzo uliituma ina kivuli cha kidole.

Na mama amekuagiza. Ng'onda, karafuu, na kanga mbili zenye jina zuri, amesema utachagua wewe. Ng'onda tafadhali mfunge kwa mifuko mitatu, maana Bi Zuwena aliposafiri naye uliisikia kesi yake. Haluwa usilete, ya huku inatutosha.

Nikwambie jambo moja, halafu nikuache. Jana usiku nimemkuta ameamka, amekaa kitandani anapanga nguo kwenye sanduku dogo la baba. Kanga, soksi, tasbihi. Safari haijakatwa hata tikiti. Nikamuuliza, akasema, "Napunguza kazi." Nikamwacha. Sasa nitamwambiaje kuwa tunangoja?

Basi nijibu haya. Duka utamwachia nani, Mwajuma ameshajua hesabu? Khalfani shule yake inamruhusu, au atabaki kwa bibi yake? Daktari wa pumu utamwona lini? Unaweza kufika kabla ya tarehe 8 ili mama akuzoee siku mbili tatu kabla hatujaondoka? Nauli imekaa vipi upande wako? Ikipungua sema, tusizunguke. Salma naye amesikia, anataka kuja, tumchukue? Ataweza kulala chumba kimoja na mama anayeamka saa tisa kusali? Na kubwa kuliko yote, utampigia lini? Mchana huwa analala, mpigie baada ya Isha saa zetu, nyinyi mtakuwa bado kwenye Magharibi. Akikubali ndege nitumie neno moja tu usiku huo huo, nilipie nyumba, mwenye nyumba amenishikia mpaka Ijumaa.

Nisalimie wote hapo, na mama mkwe umbusu mikono.

Wako,
Rukia