Kofia ya baba, koti la mpinzani

Mhariri,

Gazeti lako mimi hulifungulia ukurasa wa filamu, mengine baadaye. Majuzi nimetazama filamu mbili zilizonizidi umri, Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica (1948) na 12 Angry Men ya Sidney Lumet (1957), na bado ziko nami.

Ya kwanza ni ya baba aliyeibiwa baiskeli, na bila baiskeli kazi yake ya kubandika mabango imekwisha. Aliyemcheza, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na mwendo wake unaonyesha. Anazunguka Roma na mwanawe Bruno wakiitafuta. Mwishowe naye anajaribu kuiba, anakamatwa, anazabwa mbele ya mtoto. Kofia inaanguka. Bruno anaiokota, anaipangusa vumbi huku machozi yanamtoka, kisha anamshika baba mkono. Neno hakuna.

Nilirudisha nyuma mara tatu kuitazama ile mikono midogo. Nikiwa na umri kama wa Bruno, baba yangu alifokewa na mkubwa wake wa kazi nikiwa nimesimama pale pale. Niliangalia pembeni, nikajifanya sijasikia. Baba amekwisha fariki na hatukuwahi kulizungumza.

Ya pili karibu yote imo ndani ya chumba kimoja: raia 12 walioteuliwa na mahakama kuamua kesi, joto kali, na kijana anayeweza kuhukumiwa kifo kwa kauli yao. Lumet alibadilisha lenzi kidogo kidogo hadi kuta zikawa kama zinawabana. Lakini mimi nililoondoka nalo ni koti. Yule aliyeng'ang'ania mpaka mwisho kwamba kijana ana hatia anaangua kilio, na Henry Fonda, mpinzani wake mchana kutwa, anamletea koti na kumsaidia kulivaa. Hapo napo, kimya. Katika filamu nyingi mpya ninazotazama, mhusika angesimama kutueleza anavyojisikia.

Mhariri, ukurasa wako hutuambia filamu imeingiza mamilioni mangapi na mwigizaji gani ameachana na nani. Naomba aya moja tu kila wiki kwa ajili ya tukio moja la filamu, la zamani au jipya, lililotazamwa na mtu asiye na haraka. Mkikosa wa kuanza, anzeni na ile kofia.

Msomaji wenu wa siku nyingi