Si kila fundi anayesema "njoo kesho" ni mwongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika kwamba mafundi cherehani wa Kigoma ni waongo. Alisema alifuata gauni lake mara nne na mara zote akaambiwa "njoo kesho". Simjui, naye hakumtaja fundi wake. Lakini barua ile nilipoisoma dukani kwa jirani yangu ilibidi nikae chini. Nashona hapa Ujiji mwaka wa 17 sasa. Maneno hayo nimeyasema mara zisizohesabika, na kila nilipoyasema niliyaamini.

Mwaka 2021 mama mmoja aliniletea kitenge cha Kongo, yadi sita, samaki wa bluu juu ya manjano, nimshonee gauni la harusi ya binti yake. Nikampima, nikaandika vipimo nyuma ya pakiti ya vifungo, nikapokea advansi ya shilingi 10,000. Nilikipenda kitenge kile. Nilishaona kichwani jinsi samaki watakavyopanda kutoka kwenye pindo hadi kiunoni bila hata mmoja kukatwa kichwa. Nikakiweka juu ya meza ili kesho yake nianze nacho. Asubuhi akaja mtu na zipu, akafuata mwenye suruali ya kupunguza, nami nikakumbuka blauzi ya juzi, nikaacha suruali nikashika blauzi. Kitenge kikafunikwa. Ijumaa jioni yule mama aliingia ameshasuka na hina imemkolea. Nikakitoa chini ya rundo kikiwa kimekunjwa vilevile alivyokileta. Hakunitukana. Alikishika, akakigeuza huku na huku kama anayetafuta mshono, akaanza kulia. Akakiacha mezani, akatoka. Binti yake ndiye aliyeniita mwizi, na majirani wote wakasikia.

Pesa nilimrudishia. Aibu ile sikuwa na wa kumrudishia.

Tangu shule ya msingi nilikuwa hivyo. Sikuwa mtoto msumbufu. Nilikaa karibu na dirisha, nikaondoka kimawazo, mwalimu akiita jina langu nashtuka daftari liko wazi na ubao umeshafutwa. Ripoti ziliandikwa "ana uwezo ila hajitumi". Nyumbani natumwa chumvi narudi mikono mitupu, pesa sijui nimeiweka wapi. Shangazi aliniita kichwa maji. Nikasomewa dua, nikafukiziwa ubani. Sina ugomvi na dua hadi leo, lakini tatizo halikuondoka.

Aliyenifumbua macho ni mteja, muuguzi wa afya ya akili. Alikaa kwenye benchi langu saa nzima akisubiri suruali yake, akanitazama nikianza kazi tano bila kumaliza hata moja. Nikajiandaa kugombezwa. Akasema, "Dada, hali hii unayo tangu utoto?" Nikadhani ananisuta. Kumbe anauliza kweli.

Nilipowaambia ndugu kwamba nakwenda kumwona daktari wa akili, mmoja alisema, "Sasa ndiyo unataka kufikia Mirembe?", akimaanisha hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Nikapanda treni mwaka 2023, zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam. Daktari hakunitoa damu wala kunipiga picha ya kichwa, kwa sababu kipimo cha namna hiyo hakipo. Aliuliza maswali mengi, ya kazini, ya nyumbani, ya shuleni, kisha akaomba azungumze na mama yangu kwa simu. Alinieleza kwamba mtu mzima hawezi kuambiwa ana ADHD, yaani hali ya kushindwa kutuliza na kuelekeza umakini, kama dalili hazikuanza utotoni, na ni lazima zionekane zaidi ya sehemu moja. Mwongozo wa madaktari wa Marekani zamani ulitaka ziwe zilianza kabla ya miaka 7. Toleo la 2013 likasogeza hadi kabla ya miaka 12. Kwa mtu kama mimi jambo hilo si dogo. Mama hakumbuki nilivyokuwa nikiwa na miaka sita, ila darasa la nne analikumbuka lote. Akamwambia, "Daktari, huyo ni baba yake mtupu."

Marehemu baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku wa giza, akiwa na karabai zake katikati ya ziwa, wenzake walisema hakuna mwenye jicho kama lake: dagaa hawajaanza kupanda yeye keshajua. Mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wamekaa nchi kavu na ndio wakati wa kushona nyavu, hakuweza kukaa na wavu mmoja akaumaliza. Anainuka, anakwenda Kibirizi, anarudi, anaanza kutengeneza mlango, anauacha. Tuliamini hapendi nyumba yake. Daktari aliniambia hali hii hurithiwa karibu kama urefu unavyorithiwa, nami nikalia pale pale ofisini kwake, kwa ajili ya baba zaidi kuliko mimi.

Kwa maelezo niliyopewa, ADHD ni namna ubongo ulivyokua. Umakini upo, ila hauendi unakoutuma. Wasichana wengi hupitwa kwa sababu watu wamezoea kumtazama mvulana anayeruka juu ya madawati, si binti aliyenyamaza dirishani. Kwa miaka mingi hata vitabu vya tiba viliihesabu kuwa hali ya watoto tu.

Upande wake mwingine nao nauandika, kwa kuwa ndio unaonilisha. Nikizama kwenye kazi, nimezama. Niliwahi kuletewa vitambaa vya sare 18 za harusi baada ya fundi mwingine kuugua, zikitakiwa asubuhi. Umeme ukakatika saa tatu usiku. Nikawasha taa ya sola, nikakaa kwenye Butterfly yangu ya kukanyaga, na kilichonishtua ni adhana ya alfajiri. Ugali alioniletea mume wangu ulikuwa pembeni, umeganda. Sare zote zilikuwa zimekwisha, na mishono imenyooka. Picha ya gauni nikiiona mara moja kwenye simu naweza kulikata bila kuchora karatasi.

Na hiyo cherehani ya kukanyaga ina siri niliyoijua juzijuzi tu. Mwanangu, kwa mapenzi yake, alinifungia mota ili nisichoke miguu. Wiki mbili nilizotumia mota niliharibu kazi kuliko mwaka mzima uliotangulia: nainuka, nakaa, nafungua simu, nasahau uzi. Nikarudi kwenye pedali, kichwa kikatulia. Mguu ukiwa na kazi yake, akili inabaki na mikono. Daktari nilipomsimulia alisema wengi wenye hali hii hutulia mwili unapokuwa kwenye mwendo.

Wapo wanaosema basi hiki ni kipaji, tushukuru. Sikubaliani nao. Usiku ule wa sare 18 haukumfuta machozi mama wa kitenge. Naupenda uwezo wangu, lakini siwezi kuuita usiku ninaotaka, na kodi ya fremu hailipwi kwa usiku mmoja wa ajabu.

Dawa zipo. Methylphenidate imetumika tangu miaka ya 1950. Ni dawa ya kudhibitiwa, inataka cheti cha daktari na kufuatiliwa presha na mapigo ya moyo. Nilitumia miezi mitatu nikaona tofauti: nilimaliza shati moja kabla ya kugusa jingine. Nauli ya kwenda na kurudi ndiyo iliyonishinda. Daktari alinieleza kwamba mwaka 2019, na tena 2021, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, wakitaka ushahidi zaidi. Mimi si mtaalamu, siwezi kubishana nao. Najua tu miezi mitatu ile ilivyokuwa.

Sasa najisaidia hivi. Mezani hukaa kazi tatu, zilizobaki ziko kabatini, na ufunguo anao binti ninayemfundisha kazi. Kila kitambaa kina karatasi iliyobanwa kwa pini yenye tarehe kwa wino mwekundu. Vipimo vinaingia kwenye daftari moja lililofungwa kwa kamba mguuni mwa meza. Nachelewa bado, lakini sasa nampigia mteja kabla hajapoteza nauli.

Kwa wahusika wa afya mkoani naomba jambo moja. Mtu mzima akija kueleza kwamba kazi zinamshinda, ameachishwa mara tatu, anasahau kila kitu, aulizwe pia alikuwaje akiwa mtoto. Muuguzi mmoja aliyefundishwa kuuliza swali hilo angetuokolea kilomita nyingi. Na wewe msomaji mwenye gauni, wapo mafundi wanaokula advansi huku wanajua, hao sema nao. Ila ukimwona fundi anayeumia kuliko wewe unaposimama mlangoni kwake, mwambie akuandikie tarehe, nawe mkumbushe siku mbili kabla. Mimi wateja wangu watatu hunifanyia hivyo, na hawajawahi kukosa nguo.

Kitenge cha samaki nilikihifadhi, pakiti ya vifungo sikuitupa. Mwezi uliopita nilikishona kwa vipimo vilevile, na nimeacha inchi mbili za akiba ubavuni kwa sababu miaka imepita. Samaki wote wana vichwa. Kama mama yule anasoma gazeti hili, gauni lake limetundikwa nyuma ya mlango wangu, na hadaiwi chochote.

Jina langu unalo, Mhariri, ila naomba usilichapishe.

Fundi cherehani,
Ujiji, Kigoma