Shangazi, mke wangu alinicheka mbele ya kaka zake

Shangazi, shikamoo.

Naandika saa tisa usiku, nimejitanda blanketi, baridi ya Juni ya hapa Uyole unaijua. Mke wangu amelala. Yeye usingizi anaupata.

Nilisema nataka kusomea urubani, akanicheka, Shangazi. Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza, mbele ya kaka zake wawili, halafu akasema, "Rubani? Labda wa bajaji." Mashemeji wakashika mbavu. Tangu Jumapili ile hata kitinda mimba wetu ananiita kapteni.

Mimi si mlevi wala sijarukwa na akili. Nina miaka 43, nimefundisha fizikia miaka 17. Wanaosema umri umenipita hawajui: kwenye ndege ya abiria yenye marubani wawili mtu anaruhusiwa kurusha hadi afike miaka 65. Piga hesabu mwenyewe. Vipimo vya afya vya marubani, vya daraja la kwanza, nilivifuata Dar mwezi wa nne, nikapita na miwani yangu hii hii. Nyumbani niliaga naenda semina. Ningesema kweli si angecheka mapema?

Kilichoniwasha ni siku niliyompeleka mkuu wa shule Songwe, uwanja wa ndege. Ukungu ulikuwa umetanda, tukangoja weee. Ndege ilipotua akatoka kijana niliyemfundisha, mistari mitatu ya rubani msaidizi begani, akanijia mbio: "Shikamoo mwalimu!" Niliitikia koo limekauka. Mimi ndiye niliyemchorea ubaoni jinsi hewa inavyobeba bawa.

Ubaya wake naujua. Leseni ya rubani wa biashara inataka kama saa 200 angani, na ukizimaliza hakuna anayekungoja. Hiyo nafasi ya rubani msaidizi unaigombea na watoto wa miaka 23, na mshahara wa serikali ndio umeshauacha. Nimeyapima. Sihitaji ruhusa ya mtu. Ila angeniambia kwa upole tu, "Baba watoto, acha," nadhani ningeacha. Yeye akacheka.

Sasa kuna lile shamba la parachichi Rungwe. Miti 120, tulipanda wote, yeye akiwa na mimba ya huyo huyo anayeniita kapteni, anapandisha maji kwa ndoo kutoka mtoni. Jumatatu, kesho yake baada ya kile kicheko, nilipokea nusu ya pesa kwa mnunuzi wa shamba. Sijaigusa. Nimegusa kidogo, ya kujiandikisha chuo. Mwenyekiti wa kijiji naye anasema bila sahihi ya mke hagongi muhuri. Na Jumamosi mke wangu anakwenda kuchuma na vibarua, siku hiyo hiyo mnunuzi anakuja kuhesabu miti.

Nimwambie kabla, au nimwache wakutane huko huko? Asingenicheka mbele ya kaka zake, Shangazi, yule mnunuzi nisingempigia simu.

Mwalimu, Mbeya