Mbona plasta ina miligramu 18 na mgonjwa anapata 9.5?

Lalamiko hili haliishi kwenye duka letu la dawa. Mtu kamnunulia mama yake plasta ya rivastigmini, dawa ya ugonjwa wa kusahau (Alzheimer) inayobandikwa kwenye ngozi; daktari wa akili kaandika 9.5, akifika nyumbani anasoma karatasi ya ndani: plasta ina miligramu 18. Anarudi kakunja uso. Nusu ya dawa mmeipeleka wapi?

Iko palepale. 18 ni dawa iliyomo, 9.5 ndiyo inayopenya ngozi kwa saa 24. Bila ile ziada dawa isingeingia kwa mwendo mmoja mchana na usiku, na kichefuchefu kingekuwa kama cha zile za kumeza. Plasta iliyotumika bado ina dawa, kwa hiyo ikunjwe gundi kwa gundi, irudi kwenye pakiti yake, itupwe watoto wasikofika.

Kubana matumizi ndipo kunapoanzia. Wengine huiacha siku mbili. Wengine hukata ya 9.5 kwa mkasi wapate mbili za 4.6, na hapo hakuna ajuaye mgonjwa anapata kiasi gani. Akikosa dawa zaidi ya siku 3, harudi kwenye 9.5; daktari humwanzisha upya 4.6, angalau wiki 4. Plasta mbili tatu ulizookoa zimekula boksi zima, na nauli ya kliniki juu.

Kubwa zaidi ni kusahau kubandua ya jana. Iko mgongoni, dera limeifunika, mtu anaongeza mpya. Mgonjwa anatapika, anaharisha, mapigo ya moyo yanashuka, anazimia. Wapo waliokufa hivyo. Bandua zote, mpeleke hospitali, na usibandike nyingine hadi daktari aseme.

Ndiyo maana hatukupi boksi ukaondoka. Tunakuonyesha: andika siku juu ya plasta kwa kalamu nyembamba ya wino, pakiti ifunguliwe wakati wa kubandika tu. Ngozi iwe kavu, bila kidonda, bila losheni, na mafuta ya nazi (wazee wetu hupakwa kila asubuhi) yasifike hapo. Bonyeza kwa kiganja sekunde 30. Anayependa kujibandua, weka juu mgongoni. Kesho badili sehemu. Palepale usirudie kabla ya siku 14. Ikidondoka, weka mpya, nayo ibadilishwe kesho saa ileile ya kawaida. Chupa ya maji ya moto isikae juu yake, maana joto huharakisha dawa.

Zinazouzwa mojamoja bila boksi zina bei rahisi kweli. Sisi hatuziuzi. Njoo na cheti na boksi la mwisho. Tukiona dozi imepanda kabla ya wiki 4, tunampigia daktari kwanza, pesa baadaye.